Kumchezea Mgeni

Gari la mgeni rasmi lilipoingia kijijini Ikungi, Agripina alikuwa amesimama mbele ya wanawake wa kikundi chake cha ngoma, njuga miguuni. Ngoma ilianza. Yeye hakuinua mguu.

Mratibu wa sherehe alimsogelea akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Mama, chezeni. Mnatuaibisha."

"Mgeni huyu tulimchezea alipokuja kupima mashamba yetu," alisema Agripina. "Tukamchezea alipoleta uzio. Leo tunamchezea kwa lipi?"

"Ngoma ni burudani tu, mama."

"Kwenu. Sisi tunamchezea mtu tunayefurahi kumwona."

Aliinama, akafungua njuga za mguu mmoja, kisha za mguu wa pili. Kamba zilikuwa zimeacha mifereji kwenye ngozi. Aliisugua taratibu kwa kidole gumba, uwanja mzima ukimwangalia. Mpiga ngoma akaacha kupiga.

"Nitaita askari," mratibu alinong'ona. Tabasamu lilikuwa limemwisha.

"Waite."

Agripina alivuka uwanja peku, akampita bila kumsalimu mgeni aliyekuwa anashuka garini, akaenda kuketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe alichowekewa mgeni. Wanawake wa kikundi chake wakaanza kufungua njuga zao.