Hati Nne za Mwanzo

Mkewe alipozimwaga hati za mshahara juu ya meza, mume aliacha kutafuna.

"Kumi na mbili, mwaka mzima," mkewe alisema, akizipanga kwa miezi. "Wenzangu shuleni wamekagua zao, watatu wamerudishiwa hela. Na wewe nina hakika ulikatwa kodi kupita kiasi."

"Mwajiri hakosei hesabu, mama watoto."

"Nani kasema kakosea? Kodi hupimwa kwa mwaka mzima, si kwa mwezi. Kunywa chai, inapoa."

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kila mwisho wa mwezi, hati ya mshahara iingie kwenye kopo la biskuti. Mkewe alikuwa karani wa shule, mtu wa mafaili, hata risiti ya kiberiti aliitunza. Ndiyo maana mume, alipopunguzwa kazi ya stoo kule kiwandani mwezi wa nne, alishindwa kurudi nyumbani mikono mitupu. Mwisho wa mwezi wa tano alikwenda kwa mchapaji wa karatasi, akabadilishiwa jina la mwezi na tarehe kwenye hati ya zamani. Tangu siku hiyo akawa mteja wa kudumu. Hela ya kumkabidhi mkewe aliiunga kwa kiinua mgongo na kwa kupakia saruji kwenye malori, upande wa pili wa mji. Jioni alinawa mpaka masikioni, akavaa tena shati lililopigwa pasi asubuhi, akarudi akilalamikia bosi ambaye hakuwa naye tena.

Hati nane kati ya zile kumi na mbili zilikuwa za uongo.

Si kwamba mkewe alikuwa mkali. Mume aliogopa kitu kimoja tu: siku ambayo mwanamke huyu angemtazama na asimwamini tena. Kila mwezi aliapa kwamba atasema, na kila mwezi alipita kwa mchapaji.

Mkewe alizichukua hati nne za mwanzo, akazibana kwa kibanio. Zilizobaki akazirudisha kwenye kopo.

"Hizi zinatosha."

Mume alipumua. Zile nne zilikuwa halali. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, wala hakuuliza kwa nini nyingine zimeachwa.

"Haya, jiandae twende. Nimeshaomba ruhusa kazini."

"Leo? Mimi nitatafutwa!"

"Siku moja tu, baba watoto. Na mgongo wako nao upumzike."

Ofisi ya kodi ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, na feni iliyozunguka kwa kusuasua. Namba yao ilikuwa sitini na moja. Mume alitazama kompyuta iliyokuwa nyuma ya kioo cha dirisha la huduma. Mchapaji aliweza kughushi karatasi, lakini mashine ile hakuna aliyeidanganya. Aligeukia mlango.

"Foleni ndefu hii. Turudi kesho."

"Watu wawili ndiyo foleni ndefu?"

Ikaitwa hamsini na tisa. Ikaitwa sitini. Bora aseme mwenyewe kuliko kuumbuliwa na mtu baki.

"Mama watoto, kuna jambo nilitaka..."

"Sitini na moja!"

Dada wa dirishani alizipokea hati nne, akabonyeza namba ya mlipakodi. Akakunja uso. Akabonyeza tena.

"Baba, mbona makato yako yanaishia mwezi wa nne? Kuanzia wa tano sioni hata senti."

Hakuthubutu kugeuza shingo upande aliosimama mkewe.

"Labda ni mtandao, dada. Siku hizi mitandao..."

"Mtandao uko sawa kabisa, baba."

Mume aliisikia zipu ya mkoba wa mkewe ikifunguka, akaamini kopo lote limo humo, na hati nane zinakwenda kupangwa mbele ya watu. Alifumba macho.

Alipoyafumbua, mkewe alikuwa amepenyeza karatasi moja tu chini ya kioo. Dada aliisoma, uso ukamkunjuka.

"Kumbe mlishajaza fomu! Basi ni kweli, baba, kwa mshahara wa miezi minne tu kodi uliyokatwa imezidi, utarudishiwa. Soma, kisha weka sahihi hapo chini."

Karatasi ilirudi upande wake. Mwandiko ulikuwa wa mkewe, ule wa mviringo wa kwenye mafaili ya shule: *Sababu ya dai: nilipunguzwa kazi mwezi wa nne. Kazi ya sasa: kibarua cha kupakia saruji.*

Mkewe alikuwa ameshafungua kalamu, anamnyooshea.