Chumba cha Hondohondo

Tangu msitu wa mwisho ukatwe, sheria ilizitaka nyumba zote za mlimani ziwaachie ndege hondohondo wawili, dume na jike, chumba kimoja. Kwa Nakiete, jike alijiziba kwa udongo ndani ya ukuta, kama alivyozoea ndani ya shina la mti mkubwa, akabakiza ufa wa kupokelea chakula. Nakiete, mumewe na watoto walihamia jikoni, wakawa wanaongea kwa kunong'ona.

Mkaguzi Shekiondo alikuja na viatu vinavyong'aa, akagonga ukuta kwa kidole. Ndani kukasikika mparuzo.

"Yupo. Hongera, mama, mmeokoa ndege."

"Na dume amlishe nini, bwana mkubwa? Mikuyu si mliimaliza?"

"Ndege anajua kujitafutia."

Nakiete alimtazama kama mtu anavyotazama kohozi njiani. Hakumkaribisha hata maji. Alimfungulia mlango tu, atoke.

Mkaguzi alipoondoka, dume aliingia dirishani, akatapika vizibo vya chupa, vyekundu kama makuyu yaliyoiva, kimoja kimoja. Mdomo wa jike ukavipokea. Kisha mle ukutani kifaranga akalia, akitaka zaidi.

Nakiete akaziba ufa kwa kiganja, vizibo visiingie tena. Kutoka ndani, mdomo wa jike ukaanza kumgonga, taratibu, ukingoja.