Neno la Punda

Punda alisimama katikati ya soko la chumvi, akagoma. Abakar, aliyemnunua asubuhi ile, alimvuta, akamsukuma, akamchapa. Wapi!

Bibi Falmata, aliyekuwa akipita na kapu la nyanya, alichoka kuzibiwa njia. "Zugdi!" alifoka kwa lugha ya kwao, ambayo tangu dada yake afariki hakuna mtu mjini aliyemjibu kwayo.

Punda akasimamisha masikio, akasogea pembeni.

Kapu likamdondoka bibi. Nyanya zikatawanyika.

"Umemwambia nini, bibi?" Abakar aliuliza.

"Sogea! Nimemwambia sogea, naye kaelewa!" Alicheka. "Mwanangu, punda hazaliwi na neno hili. Kuna mtu kamfundisha! Umemnunua kwa nani?"

"Kwa mchuuzi mpita njia. Keshaondoka, wala sijui alikomtoa."

"Punda anajua." Akamnyang'anya kamba, akamnong'oneza punda neno la pili, lile la kumrudisha mnyama nyumbani.

Punda akageuka, akashika njia ya kaskazini. Bibi Falmata akamfuata mbiombio, ndara mkononi, akijikumbusha salamu za kwao kwa sauti, moja baada ya nyingine, asije akakosea atakapofika.