Ncha Mbili za Gubiti

Gubiti, peremende ya sukari, huvutwa na watu wawili, na Bi Mashavu alikuwa peke yake, sukari ameshaiepua, bintiye anaolewa kesho. Kila alipoibonyeza, alama ya kidole ilichelewa zaidi kufutika. Ikigoma kufutika kabisa, sukari imeshakuwa kioo na gubiti hakuna.

Akamwita dada yake wa nyumba ya pili, ng'ambo ya uchochoro, aliyenuniana naye miaka saba.

“Kidawa, sukari inaganda.”

“Umenisemesha mimi au sukari?”

“Njoo uvute. Utanitukana huku umeshika.”

Kidawa akaja. Wakavuta, wakakunja, wakatukanana, wakavuta tena, mpaka gubiti likawa jeupe, likavuka uchochoro kutoka mlango huu hadi ule. Hapo likakauka, na alama za vidole vyao juu yake. Atakayeachia kwanza ndiye atakayelivunja.

Watu wa sokoni wakainama, wakapita chini yake.