Maziwa ya Mbuzi kwa Mtoto wa Paa

Paa mmoja alijifungua, lakini maziwa yakakataa kutoka. Jirani yake Mbuzi akamhurumia, akamkamulia kibuyu kizima. Kabla mtoto hajaonja, Nungunungu aliyemzalisha Paa akakichukua kibuyu na kuyamimina maziwa kwenye sufuria.

"Mwanangu analia njaa, nawe unawasha moto!" Paa akafoka. "Kwani Mbuzi mchafu?"

"Mbuzi ni msafi, mama. Lakini ugonjwa hauonekani kwa macho. Acha yachemke, kisha yapoe."

Mbuzi akaondoka amenuna. Maziwa yalipopoa, mtoto akanywa akashiba, akalala.

Siku chache baadaye Mbuzi akaanza kukohoa na kukonda. Akakumbuka yale maneno ya Nungunungu, akajikokota hadi kwa Paa huku analia.

"Nisamehe, dada! Nilikuwa mgonjwa bila kujua. Nimemuua mwanao!"

Paa akamwonyesha mtoto, alikuwa anarukaruka uani, amenenepa mashavu.

"Wewe umemlisha, Nungunungu akamlinda," Paa akasema, akamtandikia majani makavu. "Ugonjwa wako uliishia motoni. Sasa lala hapa, dada, nikuuguze."