Makombo ya Kiwanda cha Soda

Bomba jipya lilipenya ukutani kutoka kiwanda cha soda, likileta maji yaliyokwisha kuosha chupa. Mafundi wa kutia rangi kanga wakakunja mikono.

"Bi Tunu, leo tunalishwa makombo ya jirani?"

Bi Tunu, mkuu wao, akalisogelea bomba. Kisima chao kilikuwa kimekauka. Akafungua koki, akachovya vidole, akavisugua: vilikuwa vinateleza kama vimepakwa sabuni. Akacheka.

"Makombo gani? Jirani katutilia na magadi yake ya kuoshea chupa! Rangi itashika bila sisi kuongeza magadi yetu. Leteni nguo."

Kanga ya kwanza ikatoka na buluu iliyokolea, wote wakakunjua mikono. Ndipo ukuta wa upande wa pili, wa kiwanda cha matofali, ukagongwa.

"Hodi, jirani! Mkimaliza na maji hayo, hata yakiwa ya buluu, tunayapokea."