Moyo Unaosikiliza Kwanza

Sheria inataka kila moyo wa mashine usikilize maneno ya mwenyewe kabla ya kupiga. Moyo wa bibi yangu ulianza kuchelewa, akawa anazirai jikoni. Niliunganisha waya kifuani mwake, nikafuatilia kazi za programu kuu moja baada ya nyingine. Sikuona hitilafu. Kila alipoongea, maneno yake yalitumwa serikalini kwanza na mapigo yakabaki kwenye foleni. Utaratibu huo umefungwa, sikuweza kuubadilisha.

"Umepata dawa, mume wangu?" aliniuliza, kwa utani wake wa siku zote kwa mjukuu wake.

"Ni kunyamaza, bibi."

Akacheka. "Si uniandikie talaka kabisa!"

Mapigo yakachelewa tena. Nikamziba mdomo kwa kiganja.

Sasa moyo wake unapiga kwa wakati. Mimi hajaniita mume tena.